Kobe wangu amelikataa bwawa tulilomchimbia

Shikamoo Mshauri,

Nina kobe wawili wa maji, wale wenye alama nyekundu nyuma ya macho. Niliwapata miaka minane iliyopita, wakati kila mmoja alikuwa akitosha kiganjani na nafasi inabaki. Binti yangu mkubwa ndiye aliyewapa majina: jike ni Zumaridi, dume ni Kito. Leo gamba la Zumaridi lina urefu wa sentimita 24 na la Kito sentimita 17. Tangi lao la kioo la lita 300 limewabana kabisa. Mmoja akigeuka, mwenzake anapigwa kikumbo. Nabadilisha nusu ya maji kila baada ya siku mbili na bado yananuka.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi ujenzi, alinihurumia akanichimbia bwawa nyuma ya nyumba. Lina urefu wa mita 3, upana mita 2 na kina cha sentimita 50 kote. Kuta zimesimama wima, ndani amepiga plasta ya saruji, na katikati ameweka jiwe kubwa linalochomoza juu ya maji. Plasta ina wiki mbili sasa. Tulichagua mahali panapopigwa na jua tangu asubuhi hadi jioni, kwa sababu najua kobe anahitaji jua.

Jumamosi iliyopita nilimtanguliza Kito. Nilimtoa kwenye maji ya nyuzi 26 nikamweka bwawani saa mbili asubuhi, kipimajoto kikisoma nyuzi 20. Alizama kama jiwe. Nilikaa ukingoni kutwa nzima na nilichoona ni pua tu, mara chache. Hakupanda juu ya jiwe, hakugusa chakula. Jioni nilishindwa kuvumilia, nikamtoa. Tangu siku hiyo anakula kidogo mno, macho yamevimba na anayapikicha kwa miguu ya mbele.

Zumaridi bado yuko ndani, lakini naye hatulii. Kwa wiki moja na zaidi amekuwa akikwaruza kioo usiku kwa miguu ya nyuma, anapanda jukwaani na kushuka, anaonja chakula na kukiacha. Naona kama ameshahisi kwamba tunataka kumhamisha.

Mdogo wangu anasema nawadekeza. "Kobe ni kobe," ananiambia, "huko porini nani anamwashia hita?" Anataka tuwatie wote wawili kwa pamoja, tuondoke, watazoea wenyewe. Mwanangu mdogo wa miaka sita naye analia kila akisikia neno bwawa. Anasema nawafukuza nyumbani. Na mimi sijui kama ninawapa nafasi au ninawatupa. Kwa miaka minane wamekuwa wakija mbio kwenye kioo wanaponiona. Kito alipozama vile, niliona kama amenikana.

Nibaki na tangi, au niendelee na bwawa?

Mama wa Zumaridi na Kito

*

Marahaba, mwanangu.

Endelea na bwawa. Lakini si wiki hii, na si kwa bwawa jinsi lilivyo sasa. Na kabla sijafika huko, tumzungumze Zumaridi, maana katika barua yako yote yeye ndiye aliyenishtua.

Jike wa ukubwa huo anayekwaruza kwa miguu ya nyuma, anayehangaika usiku na kukataa chakula, hana habari na kuhamishwa. Karibu kila dalili uliyoandika inasema anatafuta mahali pa kutaga. Kobe wa maji hutaga nchi kavu, na shimo hulichimba kwa miguu ya nyuma. Huko kukwaruza kioo ni kuchimba kwa mnyama asiye na udongo. Jike hutunga mayai hata kama hajawahi kumwona dume. Akikosa mahali, wengine huyaachia majini, lakini wengine huyashikilia mpaka wanaugua, na wapo wanaokufa.

Kwa hiyo leo hii, ukimaliza kusoma, tafuta sanduku au beseni kubwa ambalo anaweza kugeuka ndani yake bila shida. Lijaze udongo laini uliochanganywa na mchanga, kina kisipungue sentimita 25, unyevu wa kiasi kwamba ukiufinyanga mkononi unashikana lakini hautoi maji. Pawe na joto, pawe na utulivu, na asisimame mtu wa kumchungulia, maana akihisi anatazamwa anaacha. Mpe saa kadhaa humo kila siku, umrudishe majini kwa mapumziko. Ikipita siku tatu au nne bila mayai, au ukiona amelegea, anajikamua bila kutoa kitu, au macho yameingia ndani, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua wanyama watambaao. Picha ya eksirei huonyesha mayai waziwazi. Usimpeleke bwawani kabla jambo hili halijaisha.

Kwa kuwa anaishi na Kito, mayai yanaweza kuwa na uhai. Kama huna uwezo wa kulea vifaranga kumi na zaidi kwa miaka thelathini ijayo, yatoe siku hiyohiyo ya kutagwa uyaweke kwenye friza kabla hayajaanza kukua. Najua si rahisi kulisikia, lakini nimeona watu wakiangua vifaranga kwa furaha, kisha wakakosa pa kuwapeleka.

Sasa Kito. Sidhani kama ni woga uliomvimbisha macho. Ninaishuku plasta. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji kwa majuma mengi, na maji hayo huwa makali kama ya sabuni: yanachoma macho, ngozi na koo. Nunua kipimo cha pH, yaani cha ukali wa maji, kinachotumiwa na wafugaji wa samaki, upime maji ya bwawa lako. Ukikuta imepita 9, umempata mkosaji. Jaza bwawa, acha maji yakae siku tatu au nne, yamwage, sugua kuta, jaza tena. Rudia hivyo mpaka kipimo kitulie kati ya 7 na 8.5 kwa juma zima bila kupanda. Njia ya haraka zaidi ni kuacha plasta ikomae kwa siku 28, kisha kuipaka rangi ya kuzibia mabwawa ya samaki isiyo na sumu, au kutandika ndani yake mpira mzito wa mabwawa. Mimi ningechagua mpira au rangi kwa sababu nyingine pia: plasta yenye chembe hukwangua gamba la tumbo kila kobe anapojiburuta, na kwenye mikwaruzo hiyo ndipo kuoza kwa gamba huanzia.

Kito mwenyewe mweke kwenye maji safi ya ndani, yenye joto lilelile alilozoea, taa yake ikiwaka kama kawaida. Macho yasipofunguka vizuri baada ya siku chache, mwone daktari, kwa kuwa upungufu wa vitamini A nao huvimbisha macho, na tiba yake ni nyingine. Hasa hasa tazama jinsi anavyoogelea. Kobe anayeelea upande, anayetoa mapovu puani au anayepumua kwa kuachama mdomo ana tatizo la mapafu, na hilo haliwezi kungoja Jumatatu.

Nije kwa mdogo wako. Swali lake ni zuri na linastahili jibu. Porini hakuna anayemwashia kobe hita kwa sababu porini kobe hujihudumia kwa kuhama. Damu yake haina joto la kwake mwenyewe. Joto la mwili wake ni joto la mahali alipo. Asubuhi anapanda gogo kuota jua mpaka apate moto wa kusaga chakula. Jua likizidi anashuka kwenye kina. Usiku wa baridi anajichimbia kwenye tope ambako maji hayabadiliki haraka. Mto au ziwa lina vyumba vingi, na kobe huingia na kutoka atakavyo. Tangi lako lilikuwa chumba kimoja, lakini wewe ulikuwa mlangoni na hita yako na taa yako, ukimchagulia. Bwawa mlilochimba nalo ni chumba kimoja: kina kimoja, jua kutwa, kuta wima, jiwe moja. Na sasa hakuna mtu mlangoni. Kito alizama kwa sababu chini ndiyo sehemu pekee iliyomfaa mnyama aliyeshushwa nyuzi sita kwa dakika moja.

Kwa hiyo mwombe fundi wetu arudi na sururu. Theluthi moja ya bwawa ishuke hadi sentimita 90 au zaidi, ili kuwe na maji mengi yasiyopashwa wala kupozwa upesi. Upande wa pili, ukuta mmoja ulazwe uwe mteremko wa taratibu unaofika mpaka ukingoni, pawepo sehemu ya maji ya sentimita 15 au 20 ambako kobe anaweza kusimama na kichwa chake kiko nje. Kobe wa maji huvuta hewa kama sisi. Akinaswa chini, au akipinduka mahali asipoweza kujigeuza, anazama na kufa akiwa muogeleaji hodari. Hilo jiwe la katikati, kama pande zake zimesimama wima, hawezi kulipanda hata akitaka. Egemeza gogo gumu lisilooza upesi, ncha moja majini na nyingine juu ya jiwe, uone jinsi Kito atakavyolitumia.

Jua ulilolichagua ni jambo jema, ila limekuwa jingi. Mwanga wa jua una miale ya UVB inayomsaidia kobe kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo gamba linalainika hata akila kalisi kila siku. Kioo cha dirisha au cha tangi huizuia miale hiyo karibu yote, kwa hiyo jua la bwawani litawafaa kuliko taa yoyote uliyowahi kununua. Lakini maji ya kina kifupi yakipigwa na jua kutwa yanaweza kufika mahali kobe anapikika bila pa kukimbilia. Weka kivuli juu ya nusu ya bwawa, na kiwe upande ule wa kina kirefu. Wavu wa kivuli unatosha. Mimea ya majini ni mizuri zaidi, ingawa Zumaridi ataila. Gugumaji usiliweke kama maji ya mvua yanaweza kulisomba mpaka kwenye mto. Na oleanda, ua zuri lenye sumu, lisiwe karibu na ukingo, majani yake yasije yakadondokea humo.

Barua yako haikutaja uzio hata mara moja. Mwanangu, watu wengi waliopoteza kobe wa bwawani hawakuwapoteza kwa ugonjwa. Waliamka asubuhi wakakuta bwawa tupu. Kobe wa maji hupanda vizuri sana, hasa kwenye kona ambako anajikaza kati ya kuta mbili, na jike mwenye mayai hutembea mbali akitafuta udongo. Jenga ukuta laini kuzunguka bwawa na eneo la nchi kavu, urefu wa sentimita 50 juu ya ardhi na angalau sentimita 30 chini yake, na juu kabisa uweke ubao ulioinamia ndani. Wavu wa waya usiutumie kwa ukuta huo, kwa sababu ni ngazi. Ndani ya uzio, kwenye upande unaopata jua la asubuhi, mwekee Zumaridi kitanda cha kudumu cha udongo na mchanga. Weka pia bomba la kumwagia maji yanapozidi, lenye wavu mdomoni. Bila hilo, mvua moja kubwa inajaza bwawa mpaka juu na kobe anatoka akiogelea.

Uzio unalinda pande zote mbili. Kobe wenu kwa asili ni wa bonde la mto Mississippi huko Marekani, na mahali pengi walipotupwa wameota mizizi: wanawanyang'anya kobe wenyeji chakula na mahali pa kuotea jua. Wamo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na Umoja wa Ulaya ulizuia kuwaingiza mwaka 1997. Zipo nchi ambako kuwafuga nje kunahitaji kibali, kwa hiyo uliza kwenye ofisi ya wanyamapori kabla ya kumaliza ujenzi. Na siku ukichoka nao, usiwapeleke mtoni kwa jina la uhuru.

Upande mwingine wa uzio kuna mbwa, nguchiro, kenge, panya na ndege wakubwa. Gamba la Zumaridi ni gumu, lakini miguu na kichwa ni nyama. Wavu juu ya bwawa, hasa kwa usiku na kwa miezi ya mwanzo, si kudekeza.

Kuhusu usafi wa maji sitakuchosha. Bwawa lako litakuwa na lita 3,000 na ushee. Tafuta pampu inayozungusha maji yote mara moja kila saa moja au mbili, yakipita kwenye chujio kubwa kuliko unavyodhani unahitaji. Mdomo wa pampu ufunikwe, usije ukamnasa kobe mguu. Sponji chafu la chujio la tangi lako usilifue, lihamishie kwenye chujio jipya kama lilivyo. Ndani yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya mkojo na kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina sumu kali kama hizo mbili. Chujio lisilo nao huchukua kati ya wiki nne na sita kuwaotesha, na katika muda huo maji yanaweza kuonekana maangavu na bado yana sumu. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku mbili kabla kobe hawajaingia.

Bwawa likiwa tayari, na Zumaridi ameshataga na kurudiwa na hamu ya kula, anza safari yenyewe. Chagua msimu unaoelekea joto, usiku usiwe na baridi kali. Kwa juma zima pima maji ya bwawa saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, juu na chini, ukiandika. Ikiwa kipimo cha alfajiri hakishuki chini ya nyuzi 20, uko salama. Punguza hita ya tangi kwa nyuzi moja kila baada ya siku mbili mpaka tangi na bwawa vifanane. Pima uzito wa kila mmoja, uandike hiyo nayo.

Siku za kwanza wapeleke asubuhi jua likiwa limeshapasha maji, uwarudishe jioni. Wabebe kwenye beseni la plastiki lenye kivuli. Kamwe usilitoe tangi la kioo na kuliacha juani wakiwa ndani, linageuka chungu kwa dakika chache. Waanze wote wawili pamoja, kila siku wakikaa zaidi kidogo. Ukishaona mara mbili tatu wamepanda gogo wenyewe na wamekula, waache walale huko. Usilibomoe tangi kwa miezi michache. Wapime uzito kila juma; anayepungua juma hadi juma anarudi ndani, na si kushindwa. Kama kwenu maji hushuka chini ya nyuzi 15 kwa msimu mzima, warudishe ndani kabla ya baridi hiyo, maana tumbo lao huacha kusaga na chakula kinaozea ndani. Wapo wafugaji wanaowaacha walale bwawani msimu wa baridi, lakini kwa kobe waliokaa kwenye hita miaka minane mimi nisingethubutu mwaka huu.

Kisha kuna hilo la kukanwa. Kobe aliye kwenye bwawa la wazi huzama akiona kivuli cha mtu. Ndivyo mababu zake walivyookoka na ndege, na ndani ya kioo hakuwa na pa kuzamia. Kwa hiyo jiandae: mwezi wa kwanza utaona vichwa viwili vikitoweka kila ukifungua mlango. Hawajakusahau. Kama wanavyokujia kwenye kioo wakitarajia chakula, ndivyo watakavyojifunza kukujia ukingoni, ukiwalisha saa ileile, mahali palepale, ukifika taratibu na kuketi chini. Hapo wakija, watakuwa wamekuja kwa hiari yao, wakiwa na bwawa zima la kujificha.

Kazi hiyo mpe huyo mwanao wa miaka sita. Awe ndiye mlishaji wa jioni, wewe ukiwa pembeni yake wakati wote, kwa kuwa bwawa la sentimita 90 ni hatari kwa mtoto pia, na mlango wa uzio uwe na komeo lililo juu ya kimo chake. Akimaliza, anawe mikono kwa sabuni, asicheze na maji hayo, asiyatie mdomoni. Kobe hubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote. Ndiyo sababu Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wenye gamba lisilofika inchi 4, baada ya watoto wengi kuugua. Mwambie pia kwamba Zumaridi na Kito hawafukuzwi. Mpe daftari aandike kila jioni nani alipanda gogo na nani alikula, aanze siku hiyo ya kwanza ambayo utamwona Kito ametoka majini, amenyoosha miguu ya nyuma na kufumba macho juani.

Niandikie Zumaridi akishataga. Kama hajataga kufikia mwisho wa juma hili, usiniandikie mimi, mpigie daktari.